Kipaji Ni Talanta: Ijue na Hesabu Yake



Vijana wenzangu, hapa Tukuyu ukitafuta waimbaji huendi mbali. Karibu kila kwaya ya kigango ina kijana ambaye akipandisha sauti, watu wanageuka kumtazama. Wengi huniuliza: "Nikitaka muziki uwe kazi yangu, nianzie wapi?" Wanategemea niwatajie studio ya Mbeya au Dar. Mimi nawaambia kwanza tufungue Mathayo 25:14-30.

Katika mfano wa talanta, huwa tunamsema sana yule aliyefukia. Lakini soma tena mstari wa 19: bwana aliporudi, alifanya hesabu na watumishi wake. Waliosifiwa walijua wamepokea nini na wamezalisha kiasi gani. Kwa hiyo kujua hesabu ya kipaji chako si tamaa ya hela. Ni uaminifu.

1. Usiuze shamba ukidhani unauza matunda. Sisi wa Rungwe tunaelewa hili kwa parachichi. Ukiuza matunda ya msimu huu, mwakani unavuna tena. Ukiuza shamba, basi. Mikataba ya muziki nayo iko hivyo: kuna wa kumruhusu mtu atumie wimbo kwa muda fulani, na kuna wa kumhamishia haki zote. Kabla hujasaini, uliza ni upi huo, na mpe mtu anayejua sheria ausome. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Yaani hata wajukuu wako wamo.

2. Weka ushahidi. Wimbo "Malaika" unaimbwa duniani kote. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, Miriam Makeba akaufikisha mbali, lakini Mtanzania Adam Salim naye alidai ndiye aliyeutunga, na mpaka leo watu wanabishana. Wewe usiache ubishi kama huo. Tunza nota na rekodi zenye tarehe. Mkitunga wawili, andikianeni nani katunga maneno, nani katunga sauti, na mapato mtagawanaje. Kisha sajili kazi COSOTA, na wewe mwenyewe kama msanii jisajili BASATA.

3. Usimwibie mwenzako. Hapa tusidanganyane. Kwaya inachukua wimbo wa mtunzi, inaurekodi na kuuza bila hata kumpigia simu, halafu tunasema ni kwa utukufu wa Mungu. Amri ya saba haina kipengele cha kuzisamehe kwaya. Anayetaka kulipwa kesho, leo aheshimu jasho la mwingine.

Je, kuimba Misa bure ni kosa? Hapana. Ila iwe sadaka uliyoitoa ukijua thamani yake. Hakuna anayetoa sadaka kitu asichojua kuwa ni chake.

Tafakari ya wiki

- Nyimbo nilizotunga ziko wapi: kwenye daftari au kichwani tu?
- Kuna mtunzi ambaye kwaya yetu au VIWAWA yetu inamdai radhi au malipo?

Tusali: Ee Bwana, umenikabidhi sauti. Nifundishe kuitunza, kuizalisha na kukutolea kwa moyo safi, nisimdhulumu mtu wala nisikubali kudhulumiwa kwa uvivu wa kusoma. Amina.

Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, utuombee.