Ada imo kwenye akaunti ya baba

Swali: Nimepata nafasi ya shahada ya uzamili Uingereza. Baba ameweka ada benki wiki iliyopita. Niombe viza sasa? – Msomaji, Dodoma

Jibu: Subiri kidogo, mwanangu. Ada pekee haitoshi. Ongeza fedha za kujikimu, hadi za miezi 9. Zote zikae siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, hesabu inaanza upya, kwa hiyo mwombe baba asiziguse kabisa. Inaniuma kuona kijana mwenye sifa akinyimwa viza kwa hilo. Taarifa ya benki iishie ndani ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Kwa kuwa akaunti ni ya baba, ambatanisha cheti cha kuzaliwa na barua yake ya ridhaa. Unaposubiri siku hizo 28, kapime kifua kikuu kwa ajili ya viza kwenye kliniki iliyoidhinishwa na Uingereza.