Dondoo muhimu: Moto Guzzi kuukuu isiyotaka kuwaka

Pikipiki za Moto Guzzi zenye silinda mbili za V, kutoka Mandello del Lario, Italia, zina kaugonjwa kanakojulikana: unabonyeza selfu, inasema "tik", kisha kimya. Wengi hukimbilia betri mpya. Subiri. Pima betri ikiwa imetulia. Ikisoma volti 12.6 au zaidi, huenda haina kosa. Sasa gusisha mita kwenye waya mwembamba unaoingia kwenye solenoidi ya selfu, mwenzako abonyeze. Ukisoma volti 9 au chini wakati betri yenyewe bado iko juu, umeme unapotelea njiani, kwenye swichi ya ufunguo na viungio vilivyoshika kutu.

Safisha viungio, pamoja na nati ya waya wa ethi. Tatizo likirudi, funga rilei inayochota umeme moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 30 na waya mnene. Swichi ya zamani ibaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Ikishawaka, geukia starehe ya safari: viganja vikifa ganzi, inua usukani milimita 20 hadi 30, si zaidi. Halafu jambo ambalo hata mafundi husahau: injini ikinguruma taratibu, gia ikiwa huru, kata usukani hadi mwisho kulia, kisha kushoto. Mngurumo ukipanda, kebo ya mafuta imevutika, usiingie barabarani. Angalia na mipira ya breki isivutike.

Unatengenezesha siti? Ikalie nusu saa kabla fundi hajashona ngozi juu ya sponji mpya. Vioo kutetemeka, zoea tu. Ndiyo Guzzi hiyo.