Dondoo Muhimu kwa Mwenye Bwawa la Tuta la Udongo

Mwenye ziwa dogo la starehe lililozuiwa kwa tuta la udongo, ambalo jamaa na wageni hulijia kwa kuvua na kuogelea, na ajue kwamba hatari kubwa kwa tuta hilo ni maji kupita juu yake; kwa hiyo mfereji wa kutolea maji ya ziada sharti uwe wazi daima, wala asithubutu kuuwekea wavu ili samaki wasitoroke. Huko Pennsylvania, Marekani, klabu ya matajiri iliyomiliki bwawa la South Fork iliweka wavu huo, ilhali kilele cha tuta kilikuwa kimeshushwa na mabomba ya chini yamekwisha ondolewa. Tarehe 31 Mei 1889, baada ya mvua kubwa, takataka ziliuziba wavu, tuta likabomoka, na watu 2,209 wakafa bondeni, wengi wao mjini Johnstown.

Miti juu ya tuta ing'olewe ingali michanga, maana mizizi ikioza huacha njia za maji. Nyasi fupi zatosha. Kila baada ya mvua tembea chini ya tuta, upande wa nje, na ukiona maji yanachuruzika, yakinge kwa bilauri ya kioo: yakiwa maangavu, weka alama na uyaangalie kila siku, lakini yakiwa na tope, yakini udongo wa ndani unachukuliwa, nawe usingoje kesho: punguza maji ya ziwa, mwite mhandisi, na uwahadharishe wakaao bondeni. Tafadhali, andika leo namba zao za simu.