Kotesheni ya Ukuta: Maji Yameandikwa Wapi?
Wanachuo wenzangu, kwenye vilima vya Mwanza zikiletwa kotesheni tatu za ukuta wa kuzuia udongo, msomi wa familia ndiye anaambiwa achague. Usikimbilie jumla. Tafuta maji kwanza. Ukuta wa mita 2, maji yakijaa nyuma yake hadi juu, hayo maji peke yake yanasukuma kila mita moja ya urefu kwa nguvu kama uzito wa tani 2! Kwa hiyo itajwe kokoto ya nyuma, matundu ya kutolea maji, na mfereji unaishia wapi (kwa jirani? hiyo kesi). Bei chee mara nyingi imeruka hapohapo. Kina cha msingi je? “Kazi yote” siyo kipimo, mwambie fundi aandike mita.