Kubuni Bluzi kwa Harmonika: Uhuru Ndani ya Vipimo 12

Wengi hudhani kwamba kubuni muziki papo hapo ni kupiga chochote kinachokujia. Bluzi, muziki uliozaliwa miongoni mwa Wamarekani weusi wa kusini mwa Marekani, hufundisha kinyume chake: anayebuni vizuri ni yule anayeijua mipaka yake. Tulione hilo kwa ala ndogo inayoenea mfukoni, yaani harmonika.

1. Ala yenyewe
Chukua harmonika ya matundu 10, ya ufunguo wa C. Wapigaji wengi wa bluzi huitumia kupiga katika G, wakitegemea zaidi kuvuta pumzi kuliko kupuliza. Kwa nini? Ukivuta tundu la 2, 3, 4 na 5, unapata G, B, D na F. Kwa lugha ya wanakwaya, hizo ni do, mi, so na ta, yaani ti iliyoshushwa nusu. Ta hiyo hubeba ladha ya bluzi. Tena, ukivuta tundu la 3 huku ukirudisha ulimi nyuma, mi hushuka na kulia kama sauti ya mtu.

2. Njia
Bluzi ya kawaida ina vipimo 12, kila kimoja mapigo 4. Vipimo 1 hadi 4 hukaa kwenye do. 5 na 6 kwenye fa. 7 na 8 kwenye do. Cha 9 kwenye so. Cha 10 kwenye fa. 11 na 12 hurudi do. Kwa do, vuta tundu la 2. Kwa fa, puliza la 4. Kwa so, vuta la 4. Hesabu kwa mguu mpaka usihitaji kuhesabu.

3. Zoezi
Anza na do peke yake. Usiongeze sauti nyingine. Badili mwendo tu: fupi, ndefu, kimya. Kisha buni sentensi ya vipimo 2, unyamaze vipimo 2. Irudie kwenye vipimo 5 hadi 8. Katika vipimo 4 vya mwisho, ijibu. Ni kama kiongozi na waitikiaji katika kwaya, ila hapa wewe ni wote wawili.

4. Je, vipimo haviui uhuru?
Aristotle anafundisha kwamba mtu huwa mpiga kinubi kwa kupiga kinubi, na huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Mazoea mema hayamfungi mtu, humwezesha. Mwaka 1952 Little Walter alirekodi "Juke" huko Chicago, harmonika ikiongoza bila mwimbaji, na ikashika nafasi ya kwanza katika chati ya R&B ya Marekani. Isikilize ukihesabu: msingi wake ni vipimo hivi hivi 12.

Swali la kutafakari: Ni kanuni gani maishani mwako unayoiona kama kifungo, kumbe bado hujaizoea tu?