Tokeni Zinaisha Haraka? Angalia Hita ya Maji

Umelipia tokeni Jumatatu, Alhamisi mita inalia tena. Kabla ya kuilaumu mita, hebu tuangalie hita yako. Hita ya wati 3,000 ikiwaka saa moja inakula yuniti 3. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 60 ni yuniti 4.7 hivi, kama saa moja na nusu. Ukisahau kuizima, thamostati itaendelea kuiwasha kidogo kidogo usiku kucha kufidia joto linalopotea, na wewe umelala.

Dawa yake ni taima. Hita hiyo inavuta ampea 12.5, kwa hivyo taima ndogo ya ampea 10 itaungua. Chukua ya ampea 16 au zaidi, na ifungwe na fundi mwenye leseni ya EPRA, stima ikiwa imezimwa kwenye swichi kuu.

Maji bado baridi asubuhi? Mara nyingi kosa ni la saa, si la fundi. Saa kumi na moja alfajiri kwenye taima ni 05:00, si 11:00! Stima ikipotea, taima isiyo na betri husimama na kuchelewa, basi irekebishe. Thamostati yenyewe iache nyuzi 60. Ukiishusha sana, bakteria huzaana tangini.

Na fundi? Mlipe baada ya kujaribu taima pamoja. Soma jina linalotokea kwenye simu kwanza, ndipo ukamilishe malipo.