TUJIFUNZE KIINGEREZA: NENO « TO LAVE »



Jioni moja nilikuwa nikichunga wadogo wetu kwa masomo ya usiku. Mmoja wao akaandika ubaoni: « On Saturday I lave my shirt. » Darasa lote likacheka. Nami mkubwa wao nikacheka kupita wote, nikafuta ubao nikisema: « Hicho ni Kifaransa tu. Neno kama hilo haliko katika Kiingereza. »

Kesho yake nikafungua kamusi. Neno liko! Basi tulisome pamoja.

1. Asili. « To lave » na « laver » ya Kifaransa ni ndugu. Baba yao ni neno la Kilatini « lavare ». Waingereza walilipata zamani sana toka Kilatini, na Kifaransa kikalitia nguvu baadaye.

2. Matamshi. Tusiseme kama Wafaransa. Linasikika sawa na « gave » na « save ». Wakati uliopita ni « laved ». Angalieni msilichanganye na « leave », ni kuondoka, wala na « love », ni kupenda.

3. Maana. Ya kwanza ni kuosha mwili au kiungo chake kwa maji, polepole na kwa upole: « The nurse laved his wound », muuguzi alimwosha kidonda. Ya pili ni ya maji yenyewe, yakipita na kugusa nchi: « The river laves the foot of the hill », mto unaosha chini ya kilima.

4. Matumizi. Hapa ndipo kosa la mdogo wetu. Neno hili ni la mashairi na la vitabu vya zamani. Nguo, sahani na motokari tunasema « wash ». Shati lake lilihitaji kufuliwa kwa sabuni, si kubembelezwa! Katika mtihani tuandike « wash ». « Lave » tulijue kwa kusoma.

Je, ni ajabu? Hapana. Hata Kiswahili chetu ni vile. Kila siku tunasema kuosha, kunawa, kuoga, kufua. Lakini tukisoma Yohana sura ya 13, Bwana Yesu anawatawadha wanafunzi miguu. Nani kati yetu atasema jikoni « ninatawadha sufuria »? Neno ni zuri, lakini lina mahali pake.

5. Jamaa yake. « Lavatory » zamani ilikuwa mahali pa kunawia. Leo ni choo. Tena Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Kutoka 30:18, inaita birika la shaba la makuhani « laver ».

Zoezi: Chagueni « wash » au « lave », mseme na sababu. (a) I ___ the plates every evening. (b) The waves ___ the shore.

Mwisho, neno kwangu mwenyewe. Tangu jioni ile yule mdogo hakunyoosha mkono tena. Alikosea kidogo, mimi nilikosea zaidi, sababu nilikana kitu nisichokijua, mbele ya watu. Nilimwomba msamaha faraghani, lakini kicheko kilikuwa cha wazi, basi na msamaha uwe wazi. Mdogo wangu, nisamehe. Kesho nyoosha mkono.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa sita